Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Wallahi, haya sikuota wala sikuhadithiwa. Yamenipata mimi, Ibra, nyumbani kwetu huku Omani, saa ya magharibi, taa ya umeme inawaka. Ukitaka kucheka, cheka. Wamecheka wengi kabla yako.

Baba yangu alikuwa mtu wa watu. Akianza kusimulia Unguja tulikotoka, sokoni kazi husimama. Kwangu mimi hapakuwa na mwanamume kama yeye. Lakini kila Alhamisi, akitoka kuswali magharibi, hujifungia majlisi, chumba cha wageni, na dele, birika la kahawa, na vikombe viwili, na sisi tunasikia sauti ya mwanamke. Mama hulia jikoni kimyakimya. Heshima ya Baba ikaanza kunitoka moyoni. Nikaapa: mwanamke huyu nitamtoa mimi, kwa mkono wangu.

Alhamisi moja Baba alichelewa msikitini. Nikachukua dele, nikafungua mlango kwa ufunguo, nikaingia. Amini usiamini, alikuwa keshakaa mkekani! Mwanamke wa makamo, kajifunga kanga, asumini mbichi kichwani. Nikajiuliza: asumini mbichi, Ibra, na baridi hii ya Omani? Nywele zilinisimama, lakini nilikuwa nimeshaapa. Nikamtilia kahawa. Akainywa ya moto, bila kupuliza, akanyoosha kikombe. Nikatia tena, na tena. Nikadhani ni mgeni kama tulivyokuwa sisi tulipofika Omani, tukinyweshwa mpaka matumbo yanajaa kwa kutojua ada ya huku.

Nikamwambia, "Bibi, ukitosheka, kitikise kikombe."

"Ada naijua, mwanangu," akasema. "Sijatosheka."

Baba alikuwa kasimama mlangoni. Akanipokonya dele.

"Shangazi yako huyu," akasema. "Nilipohama Unguja nilimwambia, nisubiri, nakuja kukuchukua. Sikwenda. Kafa ananisubiri."

Nilipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu.

Mama nilimwambia usiku ule ule, na hakulia tena jikoni. Mimi Baba sikumwona tena shujaa, wala mhuni. Nilimwona kaka wa mtu, aliyeogopa kurudi. Nilimwonea huruma, na nikampenda kuliko kwanza.

Sasa Baba keshakufa, na dele ninalo mimi. Kila Alhamisi mlango naufungua mwenyewe, na nitamtilia shangazi yangu mpaka atikise, hata mkono uanguke. Na wewe unayecheka: kama kuna mtu ulimwambia nisubiri, inuka ukamchukue angali hai. Wangu mimi, shangazi, juzi kanywa, kisha akanyoosha kikombe.