Mgeni Anayekuja Kulala

Mwanangu nilimpeleka kwa mama yangu Nkoaranga, kijijini kwetu mlimani, akiwa ndiyo kwanza anatembea. Nilisema ni kwa miezi mitatu tu, mpaka mgahawa wangu wa loshoro kule mjini, Lemara, usimame. Mgahawa ukasimama, tena ukasimama vizuri, na miezi mitatu ikawa miaka mitatu.

Kwa asiyeijua, loshoro ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa mpaka yakalainika, yakapoa, kisha yakachanganywa na maziwa ya mgando. Ni chakula chetu sisi tuliozaliwa kuuzunguka mlima huu, na watu wa mjini wakishakionja hawakiachi. Ila hakitaki papara. Mahindi yanachemka nusu siku, kisha lazima yapoe yenyewe, maana ukiyamwagia maziwa yakiwa bado na moto, maziwa yanakatika na sufuria nzima unamwaga. Kwa hiyo leo nilikuwa nachemsha ya kesho, na kesho ya keshokutwa. Ukiniambia nipumzike nilikuwa nakujibu vibaya. Nakuuliza kama ng'ombe wana Jumapili. Hasira zangu ziko karibu, sikatai.

Kila baada ya wiki mbili, Jumapili mchana, nilimwachia msaidizi auze loshoro iliyobaki, nikapanda Nkoaranga na mkate mkononi. Mwanangu alinipokea mlangoni, akainamisha kichwa: "Shikamoo anti." Mama yangu ndiye aliyekuwa anamwita mama. Nilijiambia ni utoto, utaisha. Mama ananiwekea chai, nakaa kwenye kochi lenye vitambaa vyake vya kufuma, na kabla chai haijapoa usingizi umenichukua.

Usingizi ule sijaupata tena popote. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukaingia migombani, matone yakawa yanadondoka kwenye bati moja moja, na kwaya ilikuwa inajifunza wimbo huko chini, ubeti uleule, wanarudia na kurudia. Moshi wa jikoni ulinipita puani na harufu ya ndizi za kuchoma. Katikati ya hayo yote ilikuwapo sauti ya mwanangu, inakuja, inaondoka, mara iko karibu na sikio langu, mara iko nje kwenye mibuni. Nilikuwa naelea humo nikiamini niko naye. Nikiamka jua limeshazunguka nyuma ya nyumba, namkumbatia, nashuka.

Siku moja nilikuwa hapohapo kwenye kochi, katikati ya kulala na kuamka, mtoto wa jirani akaingia kwa kishindo. Nikamsikia mwanangu anamnyamazisha.

"Shh. Mgeni amelala."

"Mgeni gani?"

"Yule anayekuja kulala. Analeta mkate, analala, halafu anaenda."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema kuku wako wapi. Kisha akaja kwa kunyata akanifunika miguu na khanga ya bibi yake, akatoka. Sikufungua macho. Nililala pale nikijifanya nimelala, machozi yananiingia masikioni.

Nilipoinuka nilikwenda jikoni kumwakia mama yangu. Nilimuuliza kwa nini hajamwambia mtoto mimi ni nani. Mama alikuwa anamenya ndizi, hata kisu hakukiweka chini.

"Nimemwambia mara nyingi," akasema. "Haya, na wewe niambie. Mwanao anaogopa nini?"

Nikafikiri. Giza, nikasema. Mbwa.

"Bata mzinga wa mwalimu jirani yetu," akasema mama. "Akimwona anajificha kwenye gauni langu mpaka apite."

Sikujua kama mwalimu ana bata mzinga. Niliteremka siku ile nikijiuliza njia nzima ni nini kingine sikijui.

Kwetu ukimkosea mtu unamletea isale, lile jani refu tunalolipanda mipakani mwa mashamba. Akilipokea amekusamehe, na kulikataa ni jambo zito. Nilivyopanda tena nilichuma isale njiani, nikapiga magoti mbele ya mama yangu. Yeye akalitazama tu.

"Mimi hujanikosea. Umenipa mtu wa kuongea naye. Mpelekee mwenyewe."

Basi nikageuka na magoti yangu hivyohivyo, mtu mzima na mtandio wa kanisani, nikamnyooshea mtoto wa miaka minne jani. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante anti, akakimbia kumpa mbuzi. Mama yangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nami nilicheka, lakini moyo ulikuwa unaniuma kwelikweli.

"Umesamehewa," mama akasema akijifuta macho. "Sasa nenda kalale kwako, uje hapa ukiwa macho."

Hilo ndilo lilinishinda. Kuomba msamaha ni siku moja, lakini kufunga mlango wa biashara yako kila Jumapili huku unajua wateja watakuja, weee, hilo ni jambo jingine. Nilijaribu peke yangu, nikashindwa. Jumamosi naapa, Jumapili asubuhi niko jikoni najiambia ni saa moja tu.

Aliyenisaidia ni jirani yangu mwenye saluni, ukuta kwa ukuta. Yeye alisuka nywele mpaka vidole vikawa havikunjiki, na alikuwa akinitania kuwa ananisikia naongea na sufuria. Tuliugua ugonjwa mmoja, kila mmoja akimwonea huruma mwenzake. Siku moja tukakubaliana: Jumamosi jioni yeye anafunga mlango wangu kwa kufuli lake, mimi nafunga wake kwa kufuli langu, na kila mtu anaondoka na ufunguo wa mlango wa mwenzake mpaka Jumatatu. Ulikuwa kama mchezo wa watoto. Jumapili ya kwanza nilimpigia simu aje anifungulie, nikakuta amezima. Nilitukana peke yangu pale barazani. Kisha sikuwa na la kufanya, nikarudi nyumbani nikalala mpaka jua likanifikia kitandani, nikapanda Nkoaranga nikiwa macho.

Kuwa macho kulinipa shida mwanzoni. Mikono ilikuwa inatafuta mwiko. Nilikaa kwenye kigoda jikoni kwa mama, ukungu unaingia mlangoni, na mtoto anapita mbele yangu na mambo yake. Niligundua anaimba akiwa anavua viatu. Niligundua hapendi maganda ya maharage, anayaficha chini ya sahani. Yule bata mzinga akapita njiani, kweli, mtoto akakimbia. Akanipita mimi, akaingia kwenye gauni la bibi yake. Nilikuwa nimeshafungua mikono. Niliishusha polepole, nikaendelea kuchambua mchele.

Zikapita Jumapili nyingi hivyo. Lemara wateja walinuna, wengine wakahama, wengi wakajua kuwa Jumapili hakuna. Naye bado aliniita anti, na kila aliponiita nilijibu.

Kisha ikawa Jumapili moja ya mvua nyepesi. Ilipofika saa kumi nikaanza kujiandaa, maana mahindi ya Jumatatu yalikuwa yananisubiri nyumbani niyachemshe jioni ile. Nikavaa kiatu kimoja. Cha pili sikukiona. Nikainama chini ya kochi, mama akachungulia nyuma ya mlango, tukatafuta mpaka kwenye banda la kuku. Mwanangu alikuwa amekaa kizingitini anakula ndizi, kimya, yeye anayeongea kutwa nzima.

"Umeona kiatu changu?"

"Hakipo."

"Kimeenda wapi?"

Akamaliza ndizi yake. "Kimekataa."

"Kimekataa nini?"

"Kimekataa kwenda," akasema, na midomo ikaanza kumtetemeka.

Mama yangu akasema ndala zake ziko pale, nizivae kama nina haraka. Alisema huku ananitazama. Nilisimama na mguu mmoja mtupu, nikawaza mahindi, nikawaza mwenye saluni atakayengoja ufunguo wake asubuhi, nikawaza wale wanaokuja mapema kabla hata sijafungua. Halafu nikakaa kizingitini pembeni ya mwanangu, nikavua na kile kiatu nilichokuwa nimevaa. Nikamwambia kama mwenzake amekataa, hiki nacho hakiwezi kwenda peke yake.

Alikipokea. Akazunguka nacho nyuma ya nyumba kwenye mvua, nikasikia anaongea huko, anavipanga. Nililia waziwazi, mama akanipa ncha ya khanga yake nijifute. Jumatatu ile Lemara hakukuwa na loshoro.