Mbwa Aliyewachunga Wakwe

Naikumbuka sana, mwanangu, ile siku mbwa wangu alipowachunga wakwe zetu kama ng'ombe. Sasa nacheka. Siku ile sikucheka.

Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya mbwa wa wafugaji, ukasema unataka kumleta hapa mjini Kyambogo. Mzuri, sikatai. Lakini kaa kwanza mjomba wako akusimulie.

Enzi hizo nilikuwa dereva wa lori, nikileta ng'ombe Kampala kutoka Nakasongola. Huko kulikuwa na mchungaji, Mzee Katuramu, na mbwa wake aitwaye Askari. Ng'ombe akitoka kundini, Askari alimzunguka, akamgusa kisigino kwa meno, na ng'ombe akarudi mwenyewe. Nilimtamani mbwa yule! Nikambembeleza mzee mwezi mzima. Aliniuliza swali moja tu: mjini atafanya kazi gani? Nikajibu atalinda geti. Akatikisa kichwa, lakini akanipa.

Wiki tatu nilimfunga mnyororo uani. Alitafuna ndoo, akatafuna viatu vya baba, akachimba mashimo. Nikamwita mtundu, nikaufupisha mnyororo. Mungu anisamehe.

Ndipo ikafika siku ya wakwe kuja kujitambulisha kwa ajili ya mama yako, Achieng. Sisi watu wa Kenya, wao Waganda, na babu yako alikuwa amekubali kwa shinikizo la bibi yako tu. Kosa dogo lingevunja kila kitu. Wageni walijipanga getini, wanawake na magauni yao ya gomesi, vikapu mikononi. Nami kwa kupenda sifa nikamfungua Askari ili wamwone.

Hakubweka hata kidogo. Aliinama, akawazunguka, na mara watu wote walikuwa wamebanana kwenye kona ya tangi la maji. Shangazi wa bwana harusi alijaribu kutoka, akaguswa kisigino. Akapiga yowe, nyanya zikamwagika. Wazee wao wakasema wanaondoka. Mama yako alikuwa mlangoni analia, babu yako keshashika panga amuue mbwa.

Mzee Katuramu, niliyemwalika mwenyewe, akapiga mluzi mmoja. Askari akalala chini. Mzee akakitazama kisigino cha shangazi, hata ngozi haikuchubuka. Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Mbwa hana kosa. Ameona kundi halina mchungaji, akafanya kazi yake. Wewe ndiye uliyemnyima kazi."

Naona aibu mpaka leo. Nikapiga magoti mbele ya shangazi, nikaomba radhi. Akaokota nyanya moja, halafu akawageukia wenzake.

"Angalau hakuna wetu aliyepotea. Twendeni ndani."

Watu wakaangua kicheko, shangazi akiwa wa kwanza, na shughuli ikaendelea.

Jumatatu nikamrudisha Askari. Lori halijasimama vizuri, akaruka, akakimbilia ng'ombe. Hakuniangalia tena. Iliniuma, na nilifurahi.

Kwa hiyo, mwanangu, usimchukue mbwa kwa sura. Nenda ukae na wachungaji siku nzima, uone alivyoumbwa kukimbia, kuzunguka na kukusanya. Kisha jiulize kama una uwanja, na kama una muda wa kumpa kazi kila siku. Kama huna, mwache kwa ng'ombe wake.

Mungu akujalie nyumba yenye uwanja mpana, na wakwe wanaojua kucheka. Shangazi yule asingecheka, wewe na simu yako msingekuwa hapa.