Kizibao Kisichopitisha Panga

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na leo umenilazimisha niitoe. Umeingia asubuhi, umeniamkia shikamoo, nikakuitikia marahaba, kisha ukafungua begi ukanionyesha kizibao cheusi ulichopewa kwenye kazi yako mpya ya ulinzi kule Masasi. "Mama, hiki hakipitishi kisu," umesema, meno yote nje. Nimekumiminia chai. Ukadhani nimefurahi.

Kizibao cha namna hiyo nakijua. Alikivaa mjomba wako Bakari, kaka yangu wa tumbo moja, ambaye jina lake unalo. Unajua alikufa kazini. Namna alivyokufa hatukukwambia, maana bibi yako alikataza isisemwe mbele ya watoto, na mimi nikaona heri.

Ilikuwa ile miaka biashara huria ilipotuingilia. Kabla ya hapo korosho zetu zilinunuliwa na ushirika peke yake; ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na mzani wake. Hapa Mnyambe alikuja wakala kutoka Dar es Salaam, kijana nadhifu, anaongea kama redio. Akamwajiri Bakari alinde ghala na mzani, kwa sababu msimu ule watu walishaanza kutoleana mapanga.

Bakari hakuwa na nguvu za kutisha mtu, ila mdomo alikuwa nao. Ugomvi ukizuka, alisimama mbali kidogo na fimbo yake, akamtania mgomvi, akamuuliza habari za wakwe zake, mpaka watu wakacheka na hasira ikaisha. Hivyo ndivyo alivyolinda, na hakuna aliyewahi kumgusa.

Kisha wakala akaleta kizibao. Alisema kimefumwa kwa nyuzi za plastiki maalumu, zinazoshinda chuma, na kwamba ng'ambo askari wanavaa. Kilikuwa chepesi kama shuka. Alikivalisha gunia la makopa ya muhogo pale pale mizanini, mbele yetu sote, akamwita mwanamume wa miraba minne apige panga. Panga likadunda. Akakata kwa kisu cha kuchunia mbuzi, kikateleza. Sisi wanawake tukapiga vigelegele, na changu kilisikika mbali.

Hatua chache kutoka hapo, limechomekwa kwenye gunia la korosho, lilikuwepo bambo. Unalijua bambo: kile chuma chenye ncha nyembamba na mfereji, ambacho mnunuzi hutobolea gunia achomoe korosho za kutazama. Hakuna aliyesema wajaribu na hilo. Kwetu bambo lilikuwa chombo cha kazi. Tulilitazama likitoboa magunia kutwa nzima, tukaona ni kama kijiko tu.

Tangu siku ile Bakari alivimba kichwa. Hakusimama tena mbali. Akawa anatanguliza kifua.

Basi, mchana mmoja korosho za Athumani zikakataliwa. Huyo Athumani aliingia jandoni pamoja na Bakari, walikuwa kama pacha. Bambo likachomekwa kwenye gunia lake, watu wa wakala wakasema korosho zina unyevu, arudi nazo nyumbani. Athumani akapandwa na hasira, akalipokonya bambo, akaanza kumfuata wakala. Bakari akaingia kati anacheka.

"Choma basi," alisema, akijipigapiga kifuani. "Si uliona panga lilivyodunda?"

Athumani akachoma. Mwanangu, nilikuwepo, nilimwona uso. Alichoma kama mtu anayepiga ukuta kupoza hasira, kwa sababu naye alikuwepo siku ya panga, naye aliamini. Bambo likazama. Alipolichomoa, mfereji ulikuwa umejaa damu, akabaki amelishika analitazama, haelewi. Bakari pia haelewi. Wakaulizana kwa macho tu, wale wawili. Tukampakia kwenye lori kumkimbiza hospitali ya Ndanda, kichwa chake mapajani mwangu, na hatukufika. Athumani alikwenda jela na hakurudi.

Sijamaliza. Arobaini ya msiba haijatimia, nimekaa barazani kwenye cherehani yangu, wakala akaja na mfuko. Ndani kilikuwemo kizibao, kimefuliwa.

"Pole, Mama. Naomba unizibie hapa mbele. Kuna mtu anaanza kazi kesho."

Nilikipokea, nikakitandaza mapajani. Nikalitafuta tundu. Nusura nisilione, mwanangu. Hakuna uzi uliokatika. Nyuzi zilisogea tu, zikampisha aliyetaka kupita. Nikachukua mkasi nijaribu ukingoni. Mkasi ukagoma, ukang'ata bila kukata. Nikachukua sindano ya mkono. Ikapita bila hata kusukumwa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Walionipa walisema ni cha kuzuia makali. Ncha nyembamba inapita." Alisema hivyo huku anatazama saa. "Lakini nani angedhani mtu atapigana na bambo, Mama?"

Nilimchukia yule kijana, na mpaka leo namchukia; umri haujanipunguzia hata kidogo. Sikuziba. Nilitunga uzi mwekundu sindanoni, nikalizungushia lile tundu duara kubwa, ili atakayekivaa aulize hapa pana nini. Wakala alisonya, akakichukua hivyo hivyo. Sijui kama aliyekivaa aliuliza.

Kwa hiyo nisikilize. Sikukatazi kazi, wala sisemi kizibao chako ni kibovu. Huenda chenu cha siku hizi ni bora mara mia. Nenda kwa mkubwa wako kabla hujakivaa, umwamkie kwa adabu, umuulize kinashindwa na nini. Asipojua, akatafute anayejua. Akicheka, usikivae mbele yake ukajiona simba. Na hata ukikivaa, simama pale ambapo ungesimama ukiwa huna, na mdomo wa mjomba wako uutumie, maana huo ulimlinda kuliko plastiki yoyote.

Mungu akupe usiku mwema kazini na asubuhi ya kurudi kwangu. Akulinde mbele na nyuma, na yule utakayemzuia amlinde pia asiwe Athumani.

Sasa nipe hicho kizibao. Uzi mwekundu nimeshautunga tangu ulipokuwa unakunywa chai.