Asiyeonekana Mara Tatu

Kwa miaka thelathini na moja hakuna faili lililopotea katika masjala ya ile hospitali ya serikali. Aliyelinda rekodi hiyo alikuwa Karani, na alijisifu nayo kwa kila aliyekuwa na muda wa kumsikiliza, na hata kwa asiyekuwa nao. Siku ya kustaafu alirudisha funguo na koti la kazi. Jina la Karani alibaki nalo mtaani, pamoja na penseli nyekundu aliyoichomeka nyuma ya sikio kila asubuhi, kana kwamba kuna mtu angemsimamisha barabarani amwombe apige mstari.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, jina linadanganya, namba haidanganyi. Watu hubadili majina, huandikiwa vibaya, hufanana na binamu zao. Namba ni moja na haina binamu. Kwa hiyo Karani hakusoma majina. Ya pili, mgonjwa asiyeonekana mara tatu mfululizo, namba yake inapigwa mstari mwekundu kwa rula na faili linakwenda rafu ya nyuma. Amepona, amehama au amekufa. Vyovyote iwavyo, asiwabane walio hai. Kanuni hii aliitunga mwenyewe, na hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza ameitoa wapi. Wakubwa walipenda rafu zilizonyooka.

Mkewe mtaa mzima ulimwita Mama Sare, kwa sababu alishona sare za shule barazani kwake, cherehani ikitazama barabara. Mama Sare alikuwa na rovu. Uvimbe ulianza mdogo, mtu angeudhani mkunjo wa shingo, ukakua hadi akaacha kufunga kifungo cha juu cha gauni lolote. Sasa alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akijilaza pumzi inakatika. Sauti yake iliyokuwa ikimwita mteja kutoka ng'ambo ya barabara, na mteja akaja hata kama hakuwa na haja, ilibaki mnong'ono. Daktari alikwisha sema dawa ni kisu. Ila kila Alhamisi ya kliniki chumba cha upasuaji kilikuwa na sababu mpya: leo maji yamekatika, kesho daktari yuko semina. Hospitali ya binafsi ilikuwapo, lakini hiyo wao walipita mbele yake tu wakisifia maua.

Ndiyo maana mchujo wa chama uliwagusa hadi jikoni. Katika kata ile mshindi wa mchujo alikuwa ndiye diwani. Uchaguzi wenyewe uliofuata ulikuwa wa kutia chumvi kwenye chakula kilichokwisha iva. Kiti kilikuwa cha diwani aliyeitwa Tutaangalia, mwenyekiti wa kamati ya afya, ambaye ukimpelekea shida yoyote, ya mtaro au ya maiti, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Safari hii alijitokeza Sista, muuguzi mkuu mstaafu, aliyeapa kwamba akipita hatalala mpaka chumba kile kifanye kazi kila wiki. Sista hakuwa mtu wa porojo. Wagonjwa walimjua, na Mama Sare alimjua kuliko wote.

Mwezi mmoja kabla ya mchujo, katibu wa tawi la chama alimletea Karani daftari la wanachama, limefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Mzee, wametuma mwongozo kutoka juu," alisema. "Watakaopiga kura ni wanachama hai tu. Letu hili lina mpaka marehemu. Tusafishie."

"Hai ni yupi? Mwongozo unasemaje?"

"Unasema hai. Basi. Wewe ndiye mtaalamu."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangu astaafu hakuna aliyemwita Karani mtaalamu, hata mkewe, ambaye alimwita mzee au akamwita kula. Akaomba kitabu cha mahudhurio ya mikutano ya tawi, akachonga penseli, akaketi mezani siku tatu. Namba isiyoonekana mikutano mitatu mfululizo, mstari. Alifurahi jinsi mtu anavyofurahi mguu wake unapoingia kwenye kiatu cha zamani.

Mama Sare alimletea chai, akachungulia. "Usije ukanisafisha na mimi," alinong'ona huku akicheka.

"Mimi sisomi majina," alijibu Karani bila kuinua kichwa, na aliona ni jibu la kumtuliza.

Siku ya mchujo ikaangukia Alhamisi, tena ile ya kliniki yake. Mama Sare aliamka akiwa ameshika kadi ya hospitali. Karani alimwambia aiweke chini.

"Kura kwanza," alisema. "Shingo imesubiri miaka miwili, itashindwa wiki moja? Sista akipita, unakwenda unafanyiwa, mambo yanaisha."

Mama Sare alifikiri kidogo, akaiweka kadi juu ya cherehani. "Haya. Wewe ndiye unayejua mambo ya ofisi."

Walipigia kura darasani, kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Karani alipewa heshima ya kusoma daftari: mtu ataje namba, yeye aitafute, aseme "yupo", msimamizi ampe karatasi. Alikuwa amevaa tai. Watu kumi wa kwanza walipita vizuri. Wa kumi na moja alikuwa kinyozi wa pale kona, anayempeleka mama yake kusafishwa figo.

"Umepigwa mstari," Karani alimwambia. "Wewe si mwanachama hai."

"Jana ulikuwa kwenye kiti changu nakunyoa ndevu," alisema kinyozi. "Ulinyolewa na mfu?"

Watu walicheka, na Karani naye akacheka kidogo, akasema anayefuata. Anayefuata alikuwa mwanamke mgonjwa wa sukari, mguu umefungwa bandeji. Mstari. Nyuma yake mzee mwenye magongo. Mstari. Kicheko kikapungua. Karani akalegeza tai, lakini utaratibu ni utaratibu, akaendelea kuita.

Kisha mbele yake akasimama mwanamke aliyevaa gauni la bluu lenye kola iliyoachwa wazi, na kwa sauti ya kunong'ona akataja mia nne kumi na saba.

Kidole cha Karani kilishuka. Mia nne kumi na sita, safi. Mia nne kumi na nane, safi. Katikati yao palikuwa na mstari mwekundu uliopigwa kwa rula, mwembamba, umenyooka, hauna hata tone la kutetemeka. Kwa mara ya kwanza tangu aletewe daftari lile, macho yake yalihama kwenye namba yakasoma jina.

Alirudisha kidole juu ya ukurasa, akashuka nacho tena.

"Angalia vizuri, mzee," alisema mkewe kwa upole, kama anayemsaidia kutafuta miwani.

Karani alimgeukia msimamizi. "Hapa pana kosa. Huyu ni mke wangu. Nimeamka naye leo."

"Daftari limeshagongwa muhuri," alisema msimamizi. "Lalamiko ni kwa maandishi, baada ya matokeo."

"Lakini mstari nimepiga mimi."

"Basi lalamiko utajiandikia mwenyewe, mzee. Anayefuata."

Kinyozi alikuwa hajaondoka. Alikuwa ameegemea dirisha kwa nje. "Mikutano yenu ni Alhamisi asubuhi," alisema. "Kliniki ni Alhamisi asubuhi. Mlitaka tujigawe vipi?"

Hapo ndipo Karani alipoelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko kutoelewa. Alikuwa amewafuta wagonjwa wote wa kata, na waliowasukuma kwenye viti vya magurudumu, na waliowashikia foleni. Watu wale wale waliokuwa wakisubiri kumpigia Sista. Walisimama nje ukutani, wengine wakiwa na kadi za hospitali mkononi kana kwamba zingewasaidia. Alijua idadi yao bila kuhesabu, kwa sababu aliiandika mwenyewe chini ya ukurasa wa mwisho na kuipigia mistari miwili: sabini na moja.

Sista alishindwa kwa kura thelathini na nane.

Hakufoka. Alimkuta Karani bado ameketi kwenye kile kiti cha mtoto, akamwambia, "Ulikuwa unaniletea faili kabla sijaliita. Nilikuamini sana, Karani." Akaenda zake. Nyuma yake akaja Tutaangalia, akampa mkono na kusema kazi safi, mzee. Karani alibaki akikitazama kiganja chake kama aliyekabidhiwa mali ya mtu.

Wiki moja baadaye aliandamana na mkewe hospitalini. Mama Sare aliketi kwenye benchi, yeye akaenda dirisha la masjala. Mwanamke wa ndani alikuwa amefundishwa kazi na Karani, na hakuwahi kuacha kumwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nitolee faili la mama."

Mwanamke yule hakuinuka. Alishika kingo za meza. "Alhamisi iliyopita upasuaji ulifanyika," alisema. "Ilikuwa siku ya mchujo, diwani akaleta maji kwa gari, akaleta daktari, akaleta wapiga picha. Waliita watatu wa mwanzo kwenye orodha. Mama alikuwa wa pili. Niliita namba yake mara tatu, Mwalimu. Nilitoka mpaka getini."

Karani aligeuka, akatazama benchi alikoketi mkewe.

"Nikaangalia faili," mwanamke aliendelea. "Tarehe tano hakuonekana. Tarehe kumi na tisa hakuonekana. Na hiyo ikawa ya tatu."

"Tarehe tano alifika. Alirudishwa getini, maji hakuna. Tarehe kumi na tisa alifika, daktari yuko semina."

"Anayerudishwa getini hatiwi alama. Na asiyetiwa alama hakuonekana." Aliinamisha macho. "Ulinifundisha wewe. Faili liko rafu ya nyuma. Nilipiga kwa rula."

"Basi lifungue."

"Linafunguliwa kwa barua ya mwenyekiti wa kamati ya afya. Bila hiyo, kadi mpya, mwisho wa orodha. Orodha imefika mwezi wa kumi na moja."

Ilikuwa mwezi wa pili. Karani alirudi kwenye benchi, akakaa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alieleza jambo la ofisi bila kutumia neno moja la ofisi. Alimwambia kwamba siku aliyomzuia nyumbani ndiyo siku waliyomwita kisuni. Alimwambia faili limefungwa, na kanuni iliyolifunga ni yake.

Mkono wa Mama Sare ulipanda shingoni ukabaki huko.

"Kwa hiyo umenifuta huku na huku," alinong'ona.

"Nakwenda kwa Tutaangalia sasa hivi. Nitampigia magoti. Akinipa barua..."

"Akikupa barua, safari ijayo atakuletea daftari." Alivuta pumzi, ikaja kwa shida. "Na wewe utamsafishia, kwa ajili yangu. Sitaki. Niinue."

Alimwinua. Wakaenda dirisha la kadi mpya, wakapanga foleni, Karani akijifunza jinsi sakafu ile ilivyo ngumu upande huu wa kioo. Walipofika mbele, mhudumu wa dirisha hakuwatazama. Alikuwa na fomu na kalamu.

"Umewahi kutibiwa hapa?"

Karani alilijua swali lile. Ukisema ndiyo, wanakwenda kuuliza masjala, na masjala inasema faili limefungwa, na hupati kadi. Mama Sare naye alilijua sasa. Alisogea kwenye tundu la kioo, midomo ikacheza, lakini ile safari ya kutoka benchini ilikuwa imemaliza sauti yote.

"Sisikii, mama. Umewahi kuonekana hapa au hujawahi?"

Mama Sare alimgeukia mumewe, akasubiri. Karani alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akainama kwenye tundu, na machozi yakimshuka akamjibia.

"Hajawahi," alisema. "Andika hajawahi kuonekana hapa."