Sura Moja Kabla Ziwa Halijafungwa

Kosa langu la kwanza katika masomo ya uzamili lilikuwa kudhani kwamba ziwa lingenisubiri niwe tayari.

Utafiti wangu unahusu wanawake wanaonunua chisense, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru, kuwaanika mchangani na kuwauza hadi mji wa Mansa. Kila mtu wa Nchelenge, wilaya ya Zambia iliyo kando ya ziwa hilo, anajua kwamba kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Mimi pia nilijua. Naishi Mantapala, kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, na miezi hiyo hata sokoni kwetu kambini unaona meza zimebaki na mboga tu. Lakini katika malengo yangu ya mwaka wa kwanza niliandika "kukamilisha maswali ya mahojiano", kisha nikakaa na maswali hayo muda wote ziwa lilipokuwa wazi. Nilibadilisha neno, nikalirudisha, nikalibadilisha tena.

Ilikuwa hofu. Kiingereza nilijifundisha kwa simu. Namna ya kufanya utafiti nimeisoma peke yangu, na shahada ya kwanza niliipata kwa masomo ya mbali. Niliamini kosa moja tu lingemfunulia msimamizi wangu kwamba sistahili kuwa hapo. Siku niliyoridhika na maswali yangu, nilifika ufukweni nikakuta mchanga mtupu. Wanawake walikuwa mashambani, kwenye mihogo.

Mwisho wa mwaka msimamizi wangu alinipigia kutoka Lusaka kupima maendeleo yangu.

"Mwaka huu umefanya nini?"

"Maswali, Dokta."

"Na majibu?"

Nikaanza kueleza kwamba ziwa limefungwa, akanikatiza.

"Mwaka wa pili ukiwa hivi, kamati itakuondoa, na mimi sitakuwa na la kukutetea. Nipe sura moja ya tasnifu kabla ziwa halijafungwa tena. Iwe mbaya, iwe nzuri, nataka sura."

Nilipoketi kuandika malengo mapya, nilianza kwa kuchora jedwali lenye rangi, kila wiki na kazi yake. Nikajiona narudia yale yale. Nikalifuta lote na kuandika mawili tu: kuongea na wanawake mara ziwa likifunguliwa, na kutuma sura hata ikiwa na makosa. Yale maneno ya mwisho yalinichoma. Niliyaacha.

Mwezi wa tatu nilishuka ufukweni asubuhi, mitumbwi ikishusha samaki. Mama mmoja wa kambini kwetu, ambaye nilikuwa nimemsumbua msimu uliopita kwa kumwambia kila mara kwamba nitakuja kumhoji, aliniona kwa mbali.

"Mwangalie! Ule mutu wa maulizo amefika!" akawaambia wenzake. "Maulizo yako ulikuwa unapika mwaka muzima. Imeshaiva?"

Wakacheka wote.

"Bado, mama," nikasema.

"Basi kuja vile vile. Lakini hapa hatukai bure. Shika ile beseni."

Nikauliza huku namwaga samaki mchangani. Swali nililolisafisha kuliko yote lilihusu mahali anapopata bidhaa.

"Weye hauone?" akasema, akionyesha mtumbwi kwa kidevu. "Profesa gani huyu!"

Uso ulinichemka. Mwaka uliotangulia ningeaga nikaenda kuandika upya. Safari hii nilibaki, nikauliza jambo ambalo sikuwa nimeliandika: kwa nini alikuwa anaanika pamoja na mama mmoja Mbemba, mwenyeji wa pale, aliyekuwa kando yake? Akaeleza kwamba kila kipande cha mchanga kina mwenyewe, na mtu wa kambini haaniki mpaka mwenyeji amkaribishe kwenye kipande chake. Mwenyeji wake, mama huyo, alimkaribisha baada ya yeye kwenda kuketi naye msibani. Mama Mbemba, aliyesikia Kiswahili cha biashara tu, alitikisa kichwa kukubali, kisha akaniambia nisambaze samaki vizuri, naharibu.

Nikarudi wiki baada ya wiki. Sura ikatoka humo, kwenye habari za nani anamkaribisha nani mchangani.

Ilipofika Novemba sura ilikuwa na mapengo mawili ambayo sikujua kuyaziba. Niliandika wazi, "Hapa bado sijui," nikasogea mahali penye mtandao na kuituma. Kisha jibu likaja. Makosa yalikuwa mengi, mengine ya aibu kweli. Mwishoni Dokta aliandika kwamba hatimaye ana kitu cha kupeleka kwenye kamati. Wakaniruhusu kuendelea.

Hofu haijaondoka. Bado nasoma barua pepe mara tano, sita kabla ya kuzituma. Ila sasa kila mwezi natuma kurasa ambazo sijaridhika nazo, na ninapopima mwaka wangu nahesabu kazi iliyofika kwa msomaji.