Jumuiya ya Alhamisi

Waceke wa mtaa wa Munyaka hana subira ya kusikiliza mtu mpaka mwisho. Anajibu kabla hujamaliza, na mara nyingi anajibu swali ambalo hukuuliza. Tabia hiyo imemkosanisha na watu wengi, akiwemo padre, lakini pia ndiyo iliyomletea mpangaji kutoka Burundi.

Ilikuwa Machi, mvua ndiyo inaanza. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya duka lake na begi mkononi na mtoto mgongoni, akauliza kama kuna chumba. Nyuma ya duka Waceke ana ploti ya vyumba sita, na kimoja kilikuwa wazi. Lakini hapangishi watu asiowajua. Alishawahi kumnyima mwalimu mzima chumba kwa sababu tu hakupenda alivyobamiza lango.

"Kuna mtu anakujua hapa Eldoret?" akauliza.

"Hapana, Mama. Tunatoka Bujumbura, tumeleta mtoto hospitali. Lakini tumeingia vizuri, na sisi ni wa Jumuiya."

Basi, Waceke akalegea palepale. Ukimwambia Mkatoliki wa Munyaka kwamba wewe ni wa jumuiya, umemaliza maneno. Jumuiya ni zile nyumba kumi na tano za jirani zinazokutana kila Alhamisi jioni kusali rozari, kuzozana kidogo juu ya zamu ya chai, na kuzikana. Waceke ndiye katibu wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, huu mwaka wa kumi na mmoja. Mtu wa jumuiya, katoka mbali hivyo, tena na mtoto mgonjwa! Akachukua ufunguo na begi akalibeba mwenyewe.

Mpangaji aliitwa Odeta, na mtoto Keza. Mguu wa kushoto wa Keza ulizaliwa umepinda kuingia ndani, na kila Jumanne, kwenye hospitali kubwa ya rufaa, daktari aliunyoosha kidogo, akaufunga plasta mpya. Alisema itachukua hadi Novemba, kwa kuwa mtoto alichelewa kuletwa, na wakikatiza katikati mguu utarudi ulivyokuwa. Waceke hakumpenda mtoto huyo polepole. Alimpenda siku ya kwanza, na kufikia Mei alikuwa akimpakata kwenye kaunta, plasta juu ya gunia la sukari, wateja wangoje.

Kila Alhamisi alikuwa akigonga mlango wa chumba cha nne. "Odeta! Jumuiya!"

Na Odeta alikuwa akijifunga leso na kumfuata. Alikaa karibu na mlango, akashika rozari aliyopewa, midomo ikicheza lakini sauti haitoki. Waceke alijiambia kwamba labda kwao wanasali kwa Kifaransa. Mwishoni Waceke alifungua rejista na kuita majina, na Odeta alijibu "niko" kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akanyoosha shingo kuhakikisha limetiwa alama. Waceke alimsifu mbele ya watu kwa hilo, akiwatazama kwa pembe ya jicho wale watoro anaowajua.

Septemba ilipoanza, Odeta alikuja dukani uso umemshuka.

"Mama, pale mpakani walitugongea muhuri wa miezi sita. Inaisha Ijumaa. Kuna mtu sokoni ameniambia ati nikienda ofisini bila mtu wa kunisemea, tutawekwa kwenye gari na kurudishwa. Na mguu wa Keza bado." Akaegemea kaunta. "Niandikie barua. Sema sijakosa jumuiya hata siku moja."

Waceke hakuona ajabu yoyote. Katika maisha yake kila ofisi ilitaka barua ya mtu kukusemea: ya chifu, ya padre, ya mwalimu mkuu. Aliandika palepale kwenye kaunta, ukurasa mzima, akaukandamiza muhuri wa jumuiya mara mbili, wa pili kwa sababu wa kwanza ulififia.

Lakini alipomaliza aliisoma barua mara tatu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Waceke alizaliwa karibu na Moiben, kwenye shamba la mahindi la baba yake aliyetoka Nyeri. Hajui kijiji kingine. Hata hivyo mwaka ule mbaya wa ghasia za uchaguzi aliambiwa arudi kwao, na yeye hakujua kwao kwingine ni wapi, akalala kwenye hema miezi mitatu na watoto wawili. Tangu siku hizo hawezi kuvumilia habari ya mtu kurudishwa kwao. Aliogopa, basi, na kwa kuwa alikuwa akiogopa, alikuwa mkali kwa kila mteja siku nzima.

Asubuhi yake akavaa sare ya akina mama wa kanisa, ya buluu, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Wakaenda watatu mpaka ofisi ya uhamiaji.

Afisa aliyewapokea aliitwa Jepkemboi, mwanamke mtulivu wa miwani. Alisoma barua. Akaigeuza nyuma, hakukuta kitu, akairudia tena kutoka juu, safari hii kwa sauti.

"'Dada Odeta ni mwanajumuiya mwaminifu. Hajakosa Alhamisi hata moja tangu Machi. Mwezi wa Julai alitoa maharagwe kwa msiba wa Mzee Gikonyo.'" Akavua miwani. "Mama, hii ni nini?"

"Ni ushahidi," Waceke akasema. "Huyu ni wa jumuiya."

"Najua ni wa Jumuiya. Si ni Mrundi? Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndiyo maana hakuulizwa viza. Sasa hii ya Alhamisi ni gani?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, Waceke akauliza badala ya kujibu. Akamgeukia Odeta.

"Kwani wewe si Mkatoliki?"

"Mimi ni Mpentekoste, Mama."

"Haiya! Na rozari miezi sita?"

Odeta alikuwa amekaribia kulia. "Siku ya kwanza nilisema sisi ni wa Jumuiya. Ukanipa chumba, na Alhamisi ukaniita, 'Jumuiya.' Ukaandika jina langu kwenye kitabu. Nikafikiri Kenya ndivyo inavyofanya, sisi wa nchi nyingine tunahesabiwa kila wiki. Nchi yetu ni ndogo, Mama. Tuliingia Jumuiya tukakuta wakubwa wamekaa. Nikasema kama sheria yao ni kusali hivi, nitasali, bora mguu upone."

Kisha Jepkemboi akaweka kichwa juu ya meza, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akaja kuuliza kuna nini. Waceke alitaka kukasirika, akajaribu kabisa, lakini kicheko kilimpata yeye pia, na Keza akacheka kwa sababu watu wazima wanacheka.

"Barua ya daktari iko?" Jepkemboi akauliza akijifuta macho.

Odeta akaitoa kwenye begi. Ilikuwamo siku zote, ila hakudhani karatasi ya mguu ingekuwa na nguvu kuliko ile ya sala.

"Hii ndiyo nilikuwa nataka." Afisa akaandika, akagonga muhuri. "Mpaka Machi. Mtibu mtoto polepole. Na dada, Jumuiya ya serikali haina rozari. Hiyo ni ya huyu mama."

Waceke alishukuru kwa Kiswahili, akashukuru kwa Kikuyu, akamshukuru hata mlinzi wa mlangoni ambaye hakuwa amefanya lolote.

Nje jua lilikuwa limetoka. Walipiga hatua chache, kisha Odeta akasimama.

"Mama, ile siku ya mvua. Kama ningesema mimi ni Mpentekoste, sijulikani na mtu, ungenipa chumba?"

Waceke alimtazama Keza, aliyekuwa mikononi mwake, plasta imemgandamiza mbavuni. Alifikiria lile hema, na malango yote yaliyofungwa mwaka ule na watu waliosikia vizuri kabisa alichosema.

"Hapana," akasema. "Nisingekupa." Machozi yakamtoka hapohapo barabarani, na sare yake ya buluu. "Mungu asifiwe, nilisikia vibaya."