Kiko Kilichokataa Kukaa Mdomoni

Kaka yangu alikuwa mtu wa kuchosha. Nayasema haya nikiwa bado sijamaliza kumlilia, na Mungu aliyemchukua anajua kwamba sina kinyongo naye. Lakini siku ya mazishi watu walisimama mmoja mmoja wakamwita mpole, msikivu, asiye na makuu, na mimi nikabaki nauma midomo. Niliyeishi naye miaka minane ya mwisho ni mimi, na huyo mtu waliyekuwa wakimsifu sikumtambua.

Alikuwa fundi wa viko vya tumbaku. Vile vichwa vya mti vinavyotiwa tumbaku hakuvichonga yeye, wateja walikuja navyo. Kazi yake ilikuwa sehemu ya nyuma: mrija, na mdomo wake pale mvutaji anapong'ata. Mtu akisikia hivyo hudhani ni kazi ya robo saa. Kwa kaka ilikuwa kazi ya siku tatu, na ukimharakisha, nne.

Ujanani alikuwa akikereza miguu ya viti kwenye karakana ya samani. Mzee mmoja akaleta kiko kilichovunjika mrija, mafundi wenzake wakacheka, yeye akakipokea. Hakurudi tena kwenye viti. Chumba cha mbele cha nyumba yake akakigeuza karakana, akaweka mashine ndogo ya kukereza, jiriwa ya kubania kazi, tupa za kila ukubwa, na fito nyeusi za mpira mgumu. Mkewe alipofariki, bila kumwachia mtoto, chumba hicho kikawa ndiyo nyumba yenyewe. Mimi nilihamia kwake nilipostaafu ukarani wa shule, nikidhani nakwenda kupumzika.

Kwa hiyo viko navijua, si kwa kupenda. Moshi wa tumbaku siupendi, na naamini mwili ni hekalu, si dohani. Lakini ukila meza moja na mtu asiye na mazungumzo mengine, mwisho unajifunza. Kuna mirija iliyonyooka kama penseli na mirija iliyopinda kama shingo ya bata. Kuna midomo iliyotanuka mwishoni kama mkia wa samaki, na midomo myembamba kwa wasiotaka kuhisi kitu kinywani. Na kila mdomo una kijiinuko kwenye ncha, ambacho kaka alikiita kizingiti, maana meno hukaa nyuma yake ili kiko kisiponyoke. Kizingiti kikizidi, ulimi unachubuka. Kikipungua, kiko kiko sakafuni.

Ajabu yake ilikuwa nta. Hakuna mteja aliyepewa mdomo wa kiko bila kwanza kung'ata kipande cha nta laini, na kaka aliyafuata yale maandishi ya meno kama msomaji afuatavyo mstari. Watu walipenda kujitengeneza. Walikaza taya, wakang'ata kwa meno ya mbele, vizuri, katikati. Kaka aliitupa nta ile hapohapo.

"Ng'ata kama unavyong'ata nyumbani kwako," aliwaambia. "Hapa hakuna mpiga picha."

Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi, na shavu likaanguka likaning'inia pamoja na pembe ya mdomo. Maneno yake yalitoka mazito, ila mtu aliyemzoea alimwelewa, na bahati mbaya mimi nilikuwa nimemzoea. Daktari alimkataza tumbaku kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo moja, nikadhani habari ya viko imekwisha.

Wiki ya pili tangu arudi kutoka hospitali aliomba kiko chake. Kitupu, akasema, hana haja ya kukiwasha. Nikampa. Kilikuwa na mrija ulionyooka, alioutengeneza mwenyewe, na kwa miaka thelathini alikuwa akikiweka mdomoni asubuhi, mikono yote miwili ikafanya kazi. Akakiweka. Kikaanguka. Akakiokota kwa mkono wa kulia, akakiweka tena, kikaanguka tena, na mate yakafuata.

"Kishike kwa mkono," nikamwambia.

"Kiko cha kushikwa kwa mkono ni kijiko," akasema.

Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani. Nilimletea redio, hakuifungua. Nilimwombea kwa sauti, akaitikia amina kama mtu anayefunga mlango. Alitaka kiko kikae mdomoni mwake bila mkono, basi. Mdomo wa zamani haufai, akasema, atatengeneza mpya. Na kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa umelala, atakayetengeneza ni mimi.

Nilikataa kwa siku sita. Siku ya saba nikakaa kwenye kiti chake mbele ya jiriwa, yeye pembeni kwenye kiti cha mteja, akiwa na blanketi magotini na ulimi wake wote ukifanya kazi.

"Tupa haisukumwi kama unasugua sufuria, Mama Maombi."

Hilo ndilo jina alilonipa, kwa sababu ya sala zangu.

"Nitaiweka chini sasa hivi," nikasema.

"Weka. Halafu iokote, uanze taratibu."

Nta aliing'ata mwenyewe. Nilitaka kukaa naye, akanifukuza. Akasema hawezi kung'ata huku anatazamwa, niende jikoni. Niliporudi nta ilikuwa mezani, safi, na meno yamekaa katikati, juu na chini yakilingana. Nikafurahi kama mjinga. Nikatengeneza mdomo kufuata nta ile: ulionyooka, mwembamba, kizingiti sawa pande zote. Ilinichukua siku tisa na ngozi ya vidole vitatu. Akauweka mdomoni. Ukaanguka.

"Kizingiti kifupi," akasema.

Nikatengeneza wa pili, kizingiti kirefu zaidi. Aling'ata nta upya, mimi jikoni. Ukaanguka. Akasema nimeufanya mnene. Wa tatu niliusugua kwa msasa mpaka ukawa kama jani. Ukaanguka, ukavunjika ncha.

"Kaka, tuupinde," nikamwambia. Hata mimi nilikuwa nimekwisha jua kwamba kiko kilichopinda huning'inia chini ya kidevu na uzito wake haulemei taya, wakati kilichonyooka kinavuta meno mbele kama mtu anayening'inia dirishani.

"Vilivyopinda ni vya wavivu."

"Na wagonjwa?"

"Mimi si mgonjwa. Wewe ndiye huwezi kazi."

Nilitoka nje nisije nikasema neno la kutubia. Ukuta mmoja na karakana yetu kuna kinyozi, kijana wa miaka arobaini hivi, ambaye kaka alikuwa akimnyoa kwa maneno na yeye akimnyoa kaka kwa wembe. Alikuwa mlangoni akikung'uta shuka.

"Dada, leo tena?" akauliza.

"Wa tatu. Nimechoka. Nta inasema hivi, mdomo unakataa."

Kinyozi akaitazama shuka yake kama ina madoa. Nikajua kuna kitu.

"Sema."

"Aliniambia nisiseme."

"Mimi ndiye ninayemwosha na kumvalisha. Sema."

"Ukiwa jikoni aliniita nimshikie kioo tu, Dada. Hakuniomba kingine. Alikitazama kioo, akainua shavu kwa kidole, akaling'ang'aniza juu mpaka mdomo ukanyooka, ndipo akang'ata. Mara zote tatu. Nikamwambia, Fundi, ukiachia kidole hilo shavu linashuka. Akaniambia nikanyoe watu."

Nilisimama pale barazani nikahesabu pumzi zangu. Mtu aliyetupa nta za watu maisha yake yote kwa kosa hilohilo! Na mimi miezi miwili nakata vidole vyangu ili kuutengenezea kiko mdomo wa mtu wa mwaka juzi, wa kabla ya kiharusi.

Nilirudi ndani.

"Ulikuwa unashika shavu?"

Akatazama dirishani.

"Kaka, nakuuliza."

"Nta haikuwa imelainika vizuri," akasema.

"Basi ng'ata tena sasa hivi, mbele yangu, mkono mapajani."

"Leo nimechoka."

Kesho yake pia alikuwa amechoka, na keshokutwa. Nilimbembeleza, nilimfokea, nilimwambia kiburi ni dhambi. Akaniambia kusumbua wagonjwa nayo ni dhambi, na hapo ndipo alipokubali kwa mara ya kwanza kwamba ni mgonjwa, kwa sababu neno hilo lilimfaa. Nta hakuigusa. Kiko nacho aliendelea kukidai, kila asubuhi, kana kwamba mimi ndiye ninayemnyima.

Dawa yake aliinywa kwa kijiko cha plastiki, na alikuwa na tabia ya kuking'ata kijiko na kukataa kukiachia, kama mtoto mchanga. Kila siku tuligombana juu ya hilo. Asubuhi moja nakiosha kijiko kile, nikifikiria mambo mengine kabisa, kidole changu kikapita juu ya mashimo. Nikakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa kimetafunwa mahali pamoja tu: upande wa kulia, ndani kabisa, karibu na magego, tena kimshazari, juu kumetangulia mbele na chini kumebaki nyuma. Mbele hakukuwa na alama hata moja.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni na kijiko changu. Hiyo ndiyo nta. Alikuwa akinipa kila siku asubuhi.

Sikumwambia. Nilifanya kazi mchana, alipolala baada ya chakula. Nilikata ufito mrefu, nikautoboa, nikapitisha waya ndani ili tundu lisizibe, nikaufukia kwenye mchanga moto wa sufuria mpaka ukalainika, kisha nikaupinda. Wa kwanza uliungua, na nyumba nzima ikanuka kama tairi. Wa pili ulikatika. Wa tatu ulikubali. Nikauacha mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na kizingiti nikakiweka kimshazari, kufuata kijiko. Mdomo wenyewe haukuangalia mbele, uliangalia pembeni, ili kiko kikae kwenye magego ya kulia na kichwa chake kining'inie chini ya kidevu. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile. Niliomba kabla ya kumpelekea, na sioni aibu kusema kwamba niliomba kwa ajili ya kiko.

Kinyozi alikuwa amekuja kumnyoa. Kaka akakipokea kiko, akakigeuza.

"Nani kakikanyaga hiki?"

"Mimi," nikasema. "Kiweke."

"Kimefanana na mguu wa kuku, Fundi," kinyozi akasema.

"Wewe nyamaza, mshika kioo," nikamwambia, na kaka akajua kwamba nimejua yote.

Alikaa nacho mkononi muda mrefu. Kisha akakisukuma ndani, upande wa kulia, akauma. Akatoa mkono, polepole, akaubakiza hewani karibu na kidevu kukidaka. Mkono ukashuka hadi kifuani, ukashuka hadi mapajani. Kiko kikabaki. Kinyozi akaacha wembe. Mimi nilikuwa nimejishika mlangoni kwa mikono miwili. Nusu saa nzima kaka aliketi akitazama barabarani na kiko chake kitupu mdomoni, na mate yalipotaka kushuka aliyafuta kwa leso bila kukiondoa. Mtu aliyepita akamsalimia, naye akajibu kwa kichwa, kama zamani.

Alipokitoa nilijua atasema kitu. Nilikwisha andaa jibu la mtu anayeshukuriwa.

"Tundu limekwenda upande," akasema. "Waya wa kusafishia utakwama katikati."

"Hakina tumbaku, Kaka. Utasafisha nini?"

"Hata hivyo."

Nilikwenda jikoni nikafunga mlango.

Kwa siku kumi na moja alikaa nacho kila asubuhi, na kila jioni alikuwa na orodha. Kizingiti kina ncha kali. Kona haijasuguliwa. Rangi imefifia pale ulipochoma. Nami kila siku nilikaa mbele ya jiriwa nikarekebisha, nikinung'unika, kwa sababu nisiporekebisha hakuna kulala kwa amani. Siku ya kumi aliniambia kwamba nikiendelea miaka mitano nitakuwa fundi wa wastani. Kwa kinywa chake, hiyo ni sifa. Nilimwambia miaka mitano sina, akacheka, na kiko hakikuanguka hata alipocheka.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, nilikuwa karakana nikisugua kona aliyoilalamikia jana yake kwenye mdomo wa akiba niliokuwa nimeanza kumtengenezea. Yeye alikuwa chumba cha pili, dirishani. Nikasikia kiko kikigonga sakafu.

Sitajisingizia kwamba nilihisi lolote. Nilichohisi ni hasira. Siku kumi na moja za kazi, na sasa tena. Niliondoka na tupa mkononi, na maneno nilikuwa nimeyaanza tangu mlangoni.

"Haya, sema. Wapi tena? Kizingiti?"

Hakujibu. Nikakiokota kiko, nikakipeleka dirishani kwenye mwanga, nikakigeuza nikitafuta kosa langu. Sikuliona. Kizingiti kilikuwa salama, kona ilikuwa laini, hakikuwa na ufa.

"Kaka, mimi sioni kitu," nikasema. "Nionyeshe wewe."

Ndipo nilipomtazama uso. Nikapiga magoti pale pale, nikaanza sala ninayoijua tangu utoto, na ilipofika katikati nikagundua kwamba nimenyamaza, nasubiri anikosoe.